Lubunga ya Sinema huko Kilembwe

Msafiri aendaye Kilembwe hana budi kuliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake. Huko Baraka ziwa li mlangoni pa kila nyumba, na dagaa, vitenge na habari za Kigoma hufika kwa mashua moja. Lakini akiisha kupanda mpaka Fizi, kisha akafuata njia ya Lulimba na Lubichako, upepo wa ziwa hukoma, na mbele yake hubaki milima, mito na udongo mwekundu ung'ang'aniao viatu. Wakati wa masika malori hukwama, na yapitayo ni pikipiki tu, zimebeba watu, chumvi, sabuni na madumu ya mafuta. Njia hiyo hupimwa kwa siku wala si kwa kilomita.

Kilembwe ni makao ya sekta ya Lulenge, mojawapo ya sekta 4 za Fizi. Nyingine ni Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Wakazi wengi ni Wabembe, na pamoja nao wapo watu wa makabila mengine, hasa tangu dhahabu ilipoanza kuwavuta vijana wa mbali. Sokoni mna mihogo, mawese na samaki wakavu walioletwa kutoka ziwani. Hayo yote ni mazuri kutazama, lakini siyo yaliyotushika kalamu.

Wasomaji wetu wa Fizi hawana haja ya kuelezwa lubunga ni nini. Wengine na wajue kwamba ndipo mahali pa wanaume wa Kibembe pa kukaa pamoja, kula pamoja, kuamua mashauri na kuwafundisha vijana maneno ya watu wazima. Tulipouliza jioni ile kama wanaume wa mtaa wamekusanyika, mwenyeji wetu alicheka akasema, “Wazee wako lubunga. Vijana nao wana lubunga yao. Sikilizeni jenereta linavyonguruma.”

Tukaufuata mngurumo ule. Palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na mbele televisheni moja, ndogo kwa watu wote wale. Waliokuwamo ni wachimba dhahabu, waendesha pikipiki, wanafunzi wa sekondari, mwalimu mmoja, na wazee wawili waliopewa benchi la mbele kwa heshima. Mlangoni alikaa mama auzaye mandazi, naye aliona picha yote bila kulipa hata faranga moja. Picha zenyewe huja katika flashi ndogo isiyozidi kidole. Nyingine husema Kifaransa, nyingine Kiingereza, nyingine Kichina kitupu. Ndiyo maana kijana mmoja husimama kando ya kioo akieleza kwa Kiswahili, akiongeza chumvi apendavyo.

Kazi hiyo ya kueleza isidharauliwe, kwa maana ina mabingwa wake katika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam walimjua Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha za ng'ambo hata mtu akamsikia muuaji wa Hong Kong akitukana kama mtu wa Kariakoo. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanayo majina mengi, na kule Wakaliga, katika mji wa Kampala, Isaac Nabwana hakuridhika kueleza tu, bali mwaka 2010 alitoa picha yake mwenyewe ya ngumi na bunduki iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha chache sana, ikatazamwa na walimwengu.

Wala Kongo haikuanza jana kubishana juu ya sinema. Katika miaka ya 1950 Padre Albert Van Haelst alipiga picha za kuchekesha za Matamata na Pilipili huko Kasai, na wazee wengi walicheka mpaka wakatoa machozi. Wakati huohuo vijana wa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walikuwa wakijiita “Bills”, wakiiga mavazi na mwendo wa wachunga ng'ombe wa picha za Kimarekani. Ndipo katika miaka ya 1970 zikaja picha za Hong Kong. Katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja vijana walijaa kumtazama Bruce Lee, ambaye hakuhitaji farasi wala bastola.

Basi usiku ule iliisha picha, na mabishano yakaanza. Mzee mmoja wa benchi la mbele, aliyewahi kufanya kazi mjini zamani, alishikilia kwamba baada ya Bruce Lee hapana mtu. Alizihesabu kwa vidole: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury ya 1972, Way of the Dragon mwaka uohuo, na Enter the Dragon ya 1973, iliyoonyeshwa mwenyewe akiwa amekwisha kufa, tarehe 20 Julai, umri wake miaka 32 tu. “Sisi tulimpenda kwa jambo moja,” alisema. “Katika Fist of Fury anakatazwa kuingia katika bustani ya mji wa kwao. Kuna kibao kinachowakataza mbwa na Wachina. Naye akakivunja kwa teke. Ninyi watoto mwaona teke. Sisi tuliona kibao.”

Hapo kimya kiliingia. Katika Kongo ya Wabelgiji mitaa ya Wazungu na mitaa ya Waafrika ilitengwa, na mzee yule hakuhitaji kueleza zaidi.

Mwendesha pikipiki mmoja akamjibu kwa adabu, “Mzee, maneno yako tumeyapokea, lakini Jackie Chan naye alikuwa humohumo katika Fist of Fury, wala hukumwona.” Wengi walidhani anatania, kumbe ni kweli: Jackie Chan, aliyezaliwa 1954, alikuwa wakati ule kijana wa kuangushwa tu, na ndiye aliyerushwa ukutani mahali pa mtu mwingine. Mtetezi wake alizidi kueleza jinsi alivyolelewa katika shule kali ya michezo ya kuigiza ya Kichina, jinsi alivyoteleza juu ya mlingoti wenye taa za umeme katika Police Story ya 1985 hata mikono ikaungua, na jinsi alivyovunjika fuvu la kichwa Yugoslavia alipokuwa akipiga Armour of God. “Bruce Lee hapigwi,” alisema. “Jackie hupigwa, hukimbia, huogopa, kisha hushinda. Mimi ninayepita njia ya Lubichako ni kama Jackie, si kama Bruce.” Kicheko kilitikisa turubai, na kwa maoni yetu lile lilikuwa neno zuri kuliko mengi tuliyoyasoma katika vitabu vya mambo ya sinema.

Mwalimu alikuwa na chaguo lake: The 36th Chamber of Shaolin, picha ya mwaka 1978 ya Lau Kar-leung, ambamo Gordon Liu ni kijana San Te. San Te anakimbia ukatili wa watawala, anaingia monasteri ya Shaolin akitaka kufundishwa kupigana. Kwa kiburi anaomba kuanza katika chumba cha juu kabisa. Anashindwa, na kurudishwa chini. Hapo anajifunza kuvuka maji juu ya magogo kabla ya kupata chakula, na kubeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyoshwa, visu vikiwa vimefungwa mikononi, hata akishusha mkono ajichome mwenyewe. Miaka hupita. Mwalimu husema kwamba hiyo ndiyo picha moja ambayo huwaruhusu wanafunzi wake kuitazama mara mbili.

“Mwalimu,” mwanafunzi mmoja alisema, “sisi tumebeba madumu ya maji tangu utoto. Mbona hatujawa mabingwa?”

“Kwa kuwa mnayaweka chini kila mnapoona benchi,” mwalimu alijibu.

Lakini alipoacha kucheka alisema jambo lililogeuza mazungumzo. Alisema kwamba katika nchi ile bunduki hujifunzwa kwa siku moja. Mtoto wa miaka 14 akiipewa asubuhi, jioni watu wazima humwamkia. Naye San Te alihitaji miaka mingi, na mwisho wake hakuomba kutawala mtu, bali aliomba chumba cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida.

Hapa yatupasa kukumbusha tulikuwa wapi. Fizi imeona maasi ya Simba ya 1964 na 1965, imeona vita ya 1996 na ile ya 1998, na tangu hapo makundi yenye silaha hayakukoma. Mabenchini walikaa watu waliokwisha kukimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Mbele ya watu hao picha ya ngumi si mchezo mtupu.

Mchimba dhahabu mmoja, mtu mzima aliyekaa kimya tangu mwanzo, aliitaja Once Upon a Time in China ya 1991, picha ya Tsui Hark, ambamo Jet Li ni Wong Fei-hung, tabibu na mwalimu wa ngumi aliyeishi kweli katika China ya kusini na kufa katika miaka ya 1920. Vijana walishangilia, maana ndani yake Wong hurusha risasi kwa kidole ikamwua adui. Yule mtu akatikisa kichwa. “Hicho ni kidole cha sinema,” alisema. “Mimi nakumbuka yule mwalimu mzee, ambaye mwili wake hauingii mkuki. Akapigwa risasi, akafa, na alipokuwa akifa akamwambia Wong kwamba ngumi haziwezi bunduki. Aliyeitunga picha ile alijua.”

“Hakuwa na dawa,” alisema kijana mmoja wa nyuma.

Hakucheka mtu. Katika Fizi kila mtu ajua maana ya neno hilo. Simba wa 1964 walinyunyiziwa maji ili risasi zigeuke maji. Na jina Mai-Mai latoka kwa maji hayohayo. Kusini mwa Tanganyika, katika miaka ya 1905 hadi 1907, wapiganaji wa Maji Maji waliamini vilevile kwa neno la Kinjikitile, wakaanguka mbele ya bunduki za Wajerumani. Na China yenyewe, mwaka 1900, wapiganaji walioitwa Waboksa waliamini kwamba mazoezi na maombi yao yamefanya miili isipenyeke, nao wakafa kwa maelfu. Tulimwomba mwalimu ayaeleze hayo, naye aliyaeleza vizuri kuliko sisi, akaongeza kwamba katika sehemu ya pili ya picha ileile, ya 1992, Wong apambana na kundi linalojidai kwamba silaha haziwadhuru, wala hawaamini kamwe.

Kijana wa nyuma alisikiliza. “Na Wachina wale,” aliuliza, “walikuwa watu wa umri gani?”

“Wengi vijana wa mashamba,” mwalimu alisema. “Kama ninyi.”

Baba na mama huuliza kama inafaa kuwaacha watoto waende katika nyumba hizo. Tunajibu kwamba saa ni mbaya, fedha ya karo isiguswe, na zipo picha ambazo hata mtu mzima aone haya kuzitazama. Lakini mzazi aliyekaa benchini usiku mmoja atajua la kukataza na la kuruhusu kuliko yule akatazaye kutoka barazani.

Mama wa mandazi ndiye aliyetuondolea uzito. Alisema wanaume wamesahau nusu ya watu. Je, hawakumwona Michelle Yeoh katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, akimkimbiza mwizi wa upanga juu ya mapaa? Mtu akamjibu kwamba wale wamefungwa kamba, hawaruki kweli. “Na Jet Li je,” alisema mama, “hakufungwa kamba?” Wakanyamaza, kwa kuwa ni kweli alifungwa. Hapo kambi ya Tony Jaa ikapata nguvu, wakisema kwamba katika Ong-Bak, picha ya Thailand ya 2003, hapakuwa na kamba hata moja, nao wakadai ionyeshwe tena kesho. Wa Bruce Lee walipinga. Wa Jackie walipinga kwa sauti kubwa zaidi.

Mwenye nyumba alitoka nje, akalitikisa dumu karibu na jenereta, akarudi kusema kwamba yeyote atakayeleta petroli kesho ndiye atakayechagua picha. Mama wa mandazi akauliza lita moja sasa ni faranga ngapi.