Ngazi ya Shosho

Shosho ana miaka 78 na bado alikuwa anapanda ngazi kuchungulia tangi la maji. Mwaka jana aliteleza. Hakuvunjika, lakini mimi nilikosa usingizi.

Nikashuka Luthuli Avenue kununua ESP32. Ina Wi-Fi, ina Bluetooth na, ukweli usemwe, nilitaka kuringia maboyz. Nikaiunganisha na kihisi cha maji, nikaweka betri, nikapanda matatu hadi Laikipia. Siku ya tano Shosho akapiga simu: "Kitu yako imelala, na sijui kama niko na maji."

Kosa lilikuwa langu. Kwake hakuna Wi-Fi. Chipu ilikuwa inaamka kila dakika kutafuta mtandao usiokuwepo, na redio yake ikiwaka hunyonya zaidi ya miliampea 100. Betri ingetoboa vipi?

Safari hii nikamuuliza kwanza anataka nini. "Nijue tu kama maji yako."

Basi nikarudi kwa ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno: biti 8, RAM kilobaiti 2. Niliichomoa kwenye bodi, maana bodi hula umeme hata chipu ikilala. Chipu yenyewe ikilala fofofo, haifikishi hata maikroampea moja. Shosho anabonyeza kitufe, inaamka, inawasha taa: kijani, njano au nyekundu. Kisha inarudi kulala.

Maboyz hawakushtuka. Ngazi nayo siku hizi wanalalia kuku.