Kamera ya Mama, Siyo Kamera Yangu

Boom likiingia hapa chuoni, kila mtu ni mshauri wa manunuzi. Sema unataka simu, utapata majina kumi kabla hujamaliza sentensi. Sema unataka laptop, kuna jamaa wa kozi ya kompyuta atakuchorea na mchoro. Lakini jaribu kusema unataka kamkoda, ile kamera ya video ya nyumbani inayoshikwa kwa mkono mmoja na kioo chake kinafunguka pembeni kama mlango wa kabati. Wanakucheka. "Oya, si una simu?" Nimeulizwa hivyo hosteli, nimeulizwa kwenye foleni ya chakula. Swali ni la haki, na nitalijibu, ila kwanza mjue kamera yenyewe ilikuwa ya nani.

Kwetu ni Soni, njia ya kupanda Lushoto. Babu alifariki nikiwa kidato cha pili. Kilichobaki ni picha moja aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, amekaza macho kama mtu anayehojiwa polisi, wakati mwenyewe alikuwa mcheshi kuliko wote pale nyumbani. Sauti yake haipo popote. Wadogo zangu wakiuliza babu alikuwa anaongeaje, kila mtu anamwigiza kivyake, na hakuna wawili wanaofanana.

Bibi bado yupo. Ana hadithi zake za Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu akaja kutawala Usambaa. Najua hadithi hiyo imeandikwa. Abdallah bin Hemedi aliiweka kwenye Habari za Wakilindi. Lakini kitabuni hakuna namna Bibi anavyoshusha sauti nguruwe anapotokea kichakani, wala Kisambaa chake cha zamani ambacho mimi mwenyewe nakielewa nusu nusu. Na mwaka huu ameanza kuchanganya majina ya wajukuu. Tulipoongea na dada, anayefanya kazi Tanga, hatukuhitaji kubishana. Tukakubaliana kuchanga.

Mpigapicha angekuwa mama, maana ndiye anayeishi na Bibi. Mimi nipo Dar, dada yupo Tanga. Hapo suala zima la kuchagua kamera likageuka. Sikuwa natafuta tena kamera kali. Nilikuwa natafuta kamera ambayo mama ataishika, atarekodi, ataiweka chini, bila kunipigia simu hata mara moja.

Sasa lile swali la simu. Simu ya mama ina kazi zake: pesa, kikoba, wateja wa mboga. Imejaa mpaka inagoma kupokea picha. Ukiitumia kurekodi, katikati ya hadithi inaita, na asubuhi inaondoka naye kwenda sokoni. Kamkoda inalala kwenye droo ya kabati, ina kazi moja tu, na mtu yeyote aliyepo nyumbani anaweza kuichukua. Lakini niwe mkweli: kama simu yako ni nzuri, ina nafasi, na wewe mwenyewe ndiye utakayerekodi, usipoteze hela. Tumia simu.

Nikaenda Kariakoo na laki nne na nusu, na masikio yaliyo tayari kupigwa kelele. Wauzaji wanapenda kutaja mambo mawili. La kwanza ni zumu. Boksi linaandika namba ya mamia, lakini zumu ya kweli ni ile ya lenzi. Sony HDR-CX405, kwa mfano, ina mara 30 za lenzi, na Panasonic HC-V180 ina 50. Zinazozidi hapo ni kompyuta ya ndani inayovuta picha mpaka inapasuka, sawasawa na ukikuza picha kwenye simu. La pili ni 4K. Piga hesabu. Video ya Full HD inayorekodiwa kwa megabiti 24 kwa sekunde inakula karibu GB 11 kwa saa, hivyo kadi ya GB 32 inakupa karibu saa tatu. 4K ya megabiti 100 inakula GB 45 kwa saa. Kadi ile ile inajaa kabla Mbegha hajafika hata Vugha.

Kuna kamera moja nilipewa bei ya kutupa, imetoka Marekani. Niliiacha. Umeme wa kule una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50, na kamera zao hutengenezwa kufuata ule wa kwao. Ukirekodi chini ya taa za tyubu za huku, picha inaweza kumetameta mwanzo mwisho. Kabla hujalipa, iombe ikawashwe chini ya taa ya dukani, urekodi dakika moja, kisha uitazame.

Zikabaki mbili. Nje ya duka kulikuwa na mama anayeuza chai na maandazi, umri wa mama yangu kabisa. Nilimwomba muuzaji ruhusa, nikamwita. "Shikamoo mama, naomba nisaidie kitu kidogo. Jaribu kunipiga video na hii." Ya kwanza mambo yake yote yapo kwenye kioo cha kugusa. Aligusa mara moja, ikafunguka orodha ya vitu, akagusa tena, ikafunguka nyingine. Akanirudishia haraka. "Chukua mwanangu, nisije nikaiharibu bure."

Ile kauli ilinitosha. Kamera inayomtia mtu woga itakaa kabatini na nailoni yake mpaka msiba.

Ya pili ilikuwa hiyo CX405, iliyotumika. Ukifungua kioo inawaka, ukikifunga inazima. Kitufe cha kurekodi kipo nyuma, pale dole gumba linapolala lenyewe. Mama wa chai aliipokea, akaifungua, akabonyeza, akarekodi viatu vyangu kama sekunde kumi huku anacheka. Nikalipa. Nikanunua kadi ya GB 64 na betri ya akiba. Chaja sikuhangaika nayo, kwa sababu waya wa kuchajia umefichwa kwenye mkanda wa mkono wa kamera yenyewe na unachomekwa kwenye chaja ya simu, hata kwenye pawabenki umeme ukikatika. Washkaji wakanitania wiki nzima kwamba Sony inakwenda Soni.

Haina kila kitu. Haina tundu la maikrofoni ya nje, na sensa yake ni ndogo, jikoni jioni picha inajaa chengachenga. Kwa hiyo niliandika karatasi ya mistari mitatu tu. Mrekodi Bibi barazani asubuhi, mwanga umpige usoni, usiwe mgongoni kwake. Weka kamera juu ya kigoda, karibu naye kiasi cha kumpa kikombe. Usifute kitu. Mvua nayo nilimwachia mama aamue mwenyewe, anayajua mabati yake.

Likizo ya Pasaka nilikuta rekodi nane. Moja ni sakafu tupu na sauti ya mama, "Hivi imewaka hii?" Nyingine kuku kapita mbele ya lenzi kwa madaha yake. Ndefu kuliko zote ina dakika 38. Bibi anasimulia, anafika mahali anasahau, mama anamkumbusha kutoka nyuma ya kamera, na Bibi anamkatalia, siyo hivyo. Halafu anamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sijawahi kulisikia maishani mwangu. Mama anacheka kama msichana. Ningekuwa mimi nimeshika kamera, Bibi angeongea na mwanachuo kutoka Dar. Asingeongea na mwanawe.

Nimenakili zote mara mbili, laptop yangu na diski ya dada Tanga, ndipo nikairudisha kadi ikiwa tupu. Siku naondoka mama aliniuliza kama ni sawa kurekodi na mahindi yakivunwa, au kamera ni ya Bibi tu. Nikamwambia kamera ni yake.