Pima Ncha Zote Mbili



Juma hili tunawaomba wasomaji wetu watusikilize tukieleza kosa letu wenyewe, kwani mwenye kuzoea kuwakosoa watu mimbarini si vyema ayafiche yaliyo yake.

Hapa kwetu Tezo, ukitoka mjini Kilifi kuelekea Malindi, chini ya udongo mna mwamba wa matumbawe, na shimo kubwa halichimbiki kwa jembe. Madrasa yetu ilipohitaji birika la maji ya mvua, jirani mmoja mwenye tingatinga la kuchimbia alikubali kutufanyia kazi kwa gharama ya mafuta tu. Siku mbili kazi ilikwenda vyema. Alfajiri ya siku ya tatu dereva aliuzungusha ufunguo, stata ikagonga mara moja, kisha kimya. Betri zilikuwa zimekwisha umeme.

Mitambo mikubwa ya namna hii kwa kawaida hutumia betri mbili za volti 12, zilizofuatanishwa ili zitoe volti 24. Mwenye tingatinga alinunua mbili mpya, na bei yake si haba. Baada ya siku nne nazo zikaisha. Akaletwa fundi kijana, akapima kwenye altaneta, yaani kile chombo kinachozungushwa na injini ili kiurudishe umeme betrini. Mita ikasoma volti 28.3. Fundi akasema, "Altaneta ni nzima na betri ni mpya. Hapa pana mkono wa mtu."

Aliyekuwa akilala penye tingatinga ni mmoja tu: utingo, kijana wa miaka 19, mwana wa mjane wa hapa hapa kijijini. Haikufika Adhuhuri, habari ikawa imekamilika: kwamba usiku huzifungua betri, akazikodisha kwa wapiga muziki wa matangani, na kuzirudisha kabla ya jogoo kuwika. Nani aliyemwona? Hakuna. Kijana akafukuzwa kazi, na mama yake akawa haendi tena kisimani ila wakati ambapo wenziwe wamekwisha kuondoka.

Jioni ile mwenye tingatinga na wazee wawili walikuja barazani kwetu kutuomba tusome halbadiri, ili aliyefanya hayo adhihirike. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliwaahidi usiku wa Ijumaa baada ya Isha. Tuliona uchungu wa mtu aliyetusaidia akapata hasara, tukadhani huo uchungu ni ushahidi.

Walipoondoka, mama watoto aliyekuwa ndani akasikia yote, alituuliza neno moja: "Mwalimu, na huyo kijana mmemsikiliza?"

Hatukuwa na jibu. Ni miaka mingi tunawasomesha vijana kwamba Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali kuwa kadhi Yemen, alimuusia asihukumu baina ya wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Tulilisomesha, na siku lilipotuhusu hatukulikumbuka.

Asubuhi tulikwenda kwa yule mjane. Kijana alitoka, akatuamkia kwa adabu, wala hakuapa wala hakulia. Alisema, "Shekhe, tangu siku ya kwanza taa za mbele zilikuwa hafifu hata injini ikinguruma. Nilimwambia dereva, akanijibu utingo hafundishi."

Maneno hayo tuliyapeleka kwa fundi mzee wa Malindi, aliyetumia umri wake kwenye mitambo ya barabara. Alipoyasikia alisema huyo kijana ana macho, akachukua mita yake tukafuatana.

Aliliwasha tingatinga kwa kuazima umeme wa lori, kisha akaziwasha taa zote. Alipima altaneta: volti 28.3, kama alivyosema mwenzake. Hakusimama hapo. Alipima betri zenyewe: volti 24.7. Betri za namna hii zikiwa zimejaa, na injini imezimwa, husoma zaidi ya 25. Na injini ikizunguka zinapaswa kupokea karibu na 28. Basi volti tatu na zaidi zilikuwa zikitoka altaneta na hazifiki. Aliweka ncha moja ya mita kwenye altaneta na ya pili kwenye chanya ya betri, mahali ambapo mita haikupaswa kufika hata nusu volti. Ikasoma 3.5. Upande wa hasi, unaopita kwenye bodi, ikasoma 0.1 tu. Akasema, "Mwizi wenu ni huyu waya."

Tulimuuliza mbona fundi wa kwanza hakuuona. Alitupa mfano ambao kila mama wa Tezo ataufahamu, kwa maji yetu haya ya chumvi. Bomba lililoziba kwa ukoko, mfereji ukifungwa, lina nguvu ile ile ya maji kutoka tangini mpaka mwisho. Ufungue, yatachuruzika kama machozi. Waya nao ni hivyo: mtambo ukizimwa, hata uzi mmoja wa shaba uliosalia hukuonyesha volti kamili. Ila yake hudhihiri umeme unapopita kwa wingi, nawe ukapima ncha zote mbili. Mwenzake alipima ncha moja.

Alichana utepe mweusi karibu na sanduku la betri. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa chumvi na unyevu, na nyuzi zilizosalia zilikuwa za kuhesabika. Waya ulibadilishwa kabla ya Alasiri, na betri zikasoma 27.9. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko betri moja.

Halbadiri haikusomwa. Usiku ule ule wa Ijumaa, mwenye tingatinga alimwomba radhi kijana mbele ya watu, akamrudisha kazini na kumlipa siku zake. Nasi tulikwenda kwa mama yake kumwomba radhi kwa ahadi tuliyoitoa. Alitukaribisha uji, akasema amesamehe. Kisha akaongeza, bila ukali, "Lakini Shekhe, kisimani bado wananitazama."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Waya ulioliwa na chumvi hukatwa ukatiwa mwingine. Jina la mtoto wa watu halina duka linakouzwa. Birika limekamilika, na madrasa inasubiri mvua. Enyi akina mama mnaokutana kisimani na kwenye shughuli, habari hii tumeiandika ili ifike kule ilikofika ile ya kwanza: kijana yule hakuiba. Anayewasomea wengine naasome kwa sauti.

Wabillahi tawfiq.