Kuanza Ukiwa na Miaka 49

Nilipofikisha miaka 32 nilimwambia mama kwamba nimeachana na uigizaji. Tulikuwa jikoni tukikata sukuma wiki. Hakuinua macho. "Sawa," akasema, "lakini zile leso zako za jukwaani usigawe kwanza."

Nilikuwa nimecheza michezo ya vitabu teule kwa miaka tisa. Kama ulisoma sekondari hapa Kenya, unatujua. Tunafika asubuhi na mapema kwa matatu ya kukodi, tunacheza kwenye ukumbi wa kulia chakula, mnacheka mahali pasipochekesha, tunaondoka. Tangu nikiwa na miaka 23 nilipewa mama, shangazi, mpishi na shosho. "Wewe una sura ya mtu mzima," mwelekezi mmoja aliniambia, akidhani ananisifu. Wenzangu waliopewa kuwa wasichana wa mapenzi walionekana, wakaitwa kwenye runinga. Mimi nikaenda kuuza sufuria na thamosi katika duka moja mjini.

Liz Smith nilimjua kupitia mpwa wangu. Alikuwa akitazama Charlie and the Chocolate Factory, ile ya 2005, kwa mara ya mia. Mnakumbuka wale wazee wanne wanaolala kitanda kimoja? Kuna bibi mmoja pale, Grandma Georgina, anayeropoka vitu visivyohusiana na mazungumzo. Hana maneno mengi, lakini kila akifungua mdomo mpwa wangu anaanguka kutoka kwa kochi. Nikashika simu nikatafuta huyu ni nani. Nililala saa nane usiku.

Alizaliwa mwaka 1921 Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alifariki akiwa na miaka miwili. Baba yake baadaye akaondoka, akaenda kuanza maisha mengine. Mtoto akalelewa na nyanya yake. Wakati wa Vita vya Pili alihudumu katika kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Akaolewa, akazaa watoto wawili, ndoa ikavunjika. Akawalea watoto kwa vibarua vya hapa na pale, na uigizaji ukabaki kuwa kitu cha jioni.

Karibu na mwaka 1970, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu anayeuza vitu vya kuchezea watoto katika duka la Hamleys, London. Ndipo simu ikaja. Kijana mmoja aitwaye Mike Leigh, ambaye hakuwa ametengeneza filamu hata moja, alikuwa akitafuta mama wa makamo. Filamu hiyo, Bleak Moments, ilitoka 1971. Liz Smith akawa ameanza kazi yake akiwa na miaka 49.

Hapo ndipo nilipoinuka kitandani. Lakini ngoja, kwa sababu hadithi hii ni rahisi kuitumia vibaya. Rafiki yangu mmoja akiisikia atanitumia ule ujumbe wa kwamba wakati wa Mungu ndio mwafaka, na emoji za mikono. Mimi nimefanya kazi dukani. Najua kwamba katika lile duka la Hamleys huenda kulikuwa na wengine wenye vipaji, na simu haikuwahi kuwalilia. Kusubiri peke yake hakulipi kodi ya nyumba.

Kilichonishika ni kingine. Leigh hakuwa na hati iliyoandikwa. Filamu zake zinazaliwa kwenye mazoezi, waigizaji wakibuni maneno wenyewe kwa wiki nyingi. Kwa hiyo hakutafuta tu mama wa makamo. Alitafuta mama wa makamo anayejua kubuni. Na Liz Smith alikuwa akifanya hasa hilo, jioni, baada ya kazi, na kundi la Charles Marowitz, mwelekezi Mmarekani aliyekuwa London. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Simu ilipolia, ilimkuta mazoezini.

Mwaka 1973 Leigh akamwita tena kwenye Hard Labour, mchezo wa runinga ya BBC. Humo ni Bi Thornley, mama anayesafisha nyumba za watu mchana, kisha anarudi kwake kumtumikia mumewe. Haongei sana. Anasugua, anabeba, anainama. Nikasema, huyu mama namjua, yuko ploti yetu.

Baada ya hapo hakukamatika. Mwaka 1984 alicheza A Private Function kama mama mzee wa mhusika wa Maggie Smith, akapata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi. Katika The Vicar of Dibley alikuwa Letitia Cropley, mama wa kijiji anayepika mapishi ya kutisha na kuwalisha watu kwa upendo mkubwa. Na kuanzia 1998 akawa Nana katika The Royle Family, familia ya Manchester inayokaa kwenye kochi mbele ya runinga na kubishana kuhusu vitu vidogo. Katika kipindi maalum cha 2006, Nana yuko kitandani sebuleni, anauguzwa na binti yake, na tunajua haponi. Unacheka, halafu unagundua unalia. Kwa Nana huyo alipewa tuzo ya uchekeshaji mwaka 2007, akikaribia miaka 86. Alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 2016, akiwa na miaka 95.

Hakuwahi kuwa yule msichana wa mapenzi. Alifika kwenye kamera akiwa tayari na umri wa wahusika wake, na mgongo uliowahi kuinama kweli. Mimi nilikuwa nikiicheza shosho kwa kutetemesha sauti na kushika kiuno. Nilidhani ni nafasi ya kupitia tu nikielekea nafasi nzuri. Sikuwahi kumtazama shosho hata mmoja vizuri.

Siku hizi dukani natazama. Kuna mama huja mwisho wa mwezi, anashika sufuria ileile, anaigonga kwa kidole, anasikiliza mlio, anairudisha. Hajawahi kuuliza bei. Ile namna anavyoirudisha, polepole, kana kwamba inaweza kuamka, singeweza kuibuni.

Kuna kikundi kinachofanya mazoezi Jumamosi jioni nyuma ya kanisa moja. Hakuna malipo. Nauli ni mia kwenda na mia kurudi, mvua ikinyesha mia na hamsini. Nimepiga hesabu hadi Desemba. Jana nilimuuliza mama leso ziko wapi. Alikuwa amezifua.