Kiwanja cha Ndege cha Embakasi na Mikono Iliyokijenga

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Mombasa, akiisha kwenda kadiri ya kilomita 15, huona upande wa kushoto uwanda mpana usio na kilima, na ndege kubwa zikishuka moja baada ya moja. Hapo ndipo palipo Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta, ambacho wazee wengi wangali wakikiita Embakasi.

Zamani abiria waliotoka Ulaya walishukia Eastleigh, mahali palipotumiwa pia na jeshi la anga la Uingereza. Eropleni zilipozidi ukubwa na uzito, serikali iliamua kujenga kiwanja kingine huko Embakasi. Kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Wengi walioifanya hawakuwa vibarua waliojiandikisha kwa hiari yao, bali watu waliofungwa au kuwekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau.

Kila mkulima anaujua udongo mweusi wa uwanda ule. Mvua ikinyesha huvimba na kunasa miguu. Jua likiwaka hupasuka nyufa. Udongo wa namna hiyo haubebi uzito wa ndege. Sharti uondolewe, kisha mawe yapondwe, yajazwe na kushindiliwa. Hiyo ndiyo kazi iliyowachosha watu wale.

Kiwanja kilifunguliwa mwezi wa Machi 1958 na Gavana, Sir Evelyn Baring. Aliyetazamiwa kukifungua alikuwa mama yake Malkia Elizabeth, lakini alicheleweshwa katika safari yake ya kutoka Australia. Jina la mgeni ambaye hakufika limehifadhiwa katika habari za siku ile. Majina ya waliovunja mawe ni wachache wawezao kuyataja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini njia ya kurukia ndege ikawa ndefu hivi, zaidi ya kilomita 4. Sababu ni kwamba Embakasi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, nayo huinua bawa kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya Mombasa. Kwa hiyo ndege iliyojaa mizigo hulazimika kukimbia mbali kabla ya kuruka. Jua la mchana huizidisha hewa wepesi, na baridi ya usiku huipa nguvu. Tena njia ni moja tu, hivyo waongozaji walio mnarani hawana budi kupanga zamu kwa uangalifu: huyu ashuke, yule angoje.

Mwaka 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa, na mwaka huo huo, baada ya Mzee Kenyatta kufariki, kiwanja kikapewa jina lake. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wageni wawasilio kutoka ng'ambo, na kwa muda wageni walipokelewa katika mahema.

Hata mtu asiyepanda ndege maisha yake yote ana fungu lake hapa. Waridi hukatwa Naivasha, huwekwa katika ghala la baridi, na baada ya muda mfupi huwa sokoni Uholanzi. Maharagwe mabichi ya mkulima mdogo hupita mlango huo huo. Mwezi wa Aprili 2010, mlima wa moto ulipolipuka katika nchi ya Iceland na majivu yake yakafunga anga la Ulaya, maua yalioza hapa Kenya na mboga zikapewa ng'ombe. Ndipo wengi walipotambua jinsi shamba lilivyofungamana na kiwanja.

Basi faida tunaila sote, nayo imesimama juu ya mawe yaliyopondwa na watu wasio na uhuru. Wazee wale sasa wamebaki wachache sana. Ikiwa nyumbani kwako yuko mmoja aliyefanya kazi Embakasi, au mtoto wake aliyesimuliwa habari hizo, keti naye jioni umwulize, nawe uyaandike maneno yake pamoja na jina lake. Kalamu na karatasi si ghali, na kesho yaweza kuwa tumechelewa.