Skrubu Kwanza

Kazi iliyonilipia kodi ya nyumba mwezi wa Machi ilikuwa makala ya maneno 2,000 kuhusu bunduki. Si bunduki yoyote tu. Ni ile ya kuwindia, ya kuundwa kwa oda: mwenyewe amechagua mtutu, kitako kimechongwa kwa kipimo cha bega lake, halafu baada ya gharama zote hizo haipigi pale inapolengwa. Mteja, Mmarekani ambaye sijawahi kuiona sura yake, alitaka nimwelekeze msomaji wake atafute wapi tatizo. Mimi naishi EPZ Athi River, chumba kimoja, ghorofa ya tatu, na bunduki ninazozijua ni za askari wa benki.

Huu ndio uandishi unaotulisha vijana wengi Kenya. Leo mabomba ya bafu ya Toronto, kesho bima ya mbwa. Jina lako halitokei popote. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nimesoma mambo mengi kuliko ambayo digrii ingenipa, ijapokuwa sijui ningeyaandika wapi kwenye barua ya kuomba kazi.

Hii ya bunduki lakini ilinikaa kichwani, labda kwa sababu ya mahali ninapoiandikia. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, miaka mingi kabla sijazaliwa. Na bado nyika hii hii, kabla ya saruji na malori, ndiko matajiri wa dunia walikokuja kupiga wanyama. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka ikulu ya Marekani majuzi tu, alishuka kwenye treni stesheni ya Kapiti, mwendo mfupi kwa gari kutoka langoni kwetu. Alikuwa na Springfield iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, Winchester, na Holland & Holland ya mitutu miwili. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 safari ile. Vifaa vyake havikuwa na dosari ya kutajika. Jicho lake la kushoto ndilo lilikuwa limeharibika, kwa ngumi za ndondi alizokula akiwa rais, na katika kitabu chake hafichi kwamba alikosa shabaha mara nyingi.

Nilisoma siku tatu. Kila mahali nilikuta orodha ndefu ya sababu, zote zimepangwa kana kwamba zina uzito sawa. Hakuna aliyesema uanzie wapi, na huyo mtu mwenye bunduki yake mezani hicho ndicho anachotaka kujua.

Aliyenisaidia ni jirani wa chini. Ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo hapa ndani, wale wanaoshona suruali za kupelekwa Marekani. Jioni moja stima ilipotea, tukakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza, "Fundi, mashine ikianza kuruka mishono unashika nini kwanza?"

"Sindano."

"Kwa nini sindano?"

"Ni ya bei rahisi, na kuibadilisha ni dakika moja. Halafu naangalia uzi umepitishwaje. Halafu mkazo wa uzi. Ndoano ya chini ni ya mwisho kabisa, hiyo ukiifungua siku imeisha na supavaiza yuko juu ya kichwa chako." Akanyamaza kidogo. "Na kijana, usiguse vitu viwili kwa mpigo. Mashine itapona na hutajua ni dawa gani ilioiponya. Kesho ikiugua tena utafanyaje?"

Nikamuuliza na je, kama tatizo ni mshonaji? Akacheka. "Hapo humwambii kitu. Unakaa kwenye kiti chake, unashona mwenyewe."

Usiku ule stima iliporudi niliandika upya. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha shika bisibisi. Kagua skrubu zinazoshikilia darubini, halafu zile zinazofunga chuma kwenye kitako, zikazwe kwa kipimo alichotoa aliyeiunda, si kwa nguvu za mkono. Hiyo ndiyo sindano. Ikishindikana, chukua kipande cha karatasi ukipitishe kati ya mtutu na kitako kuelekea nyuma. Kikikwama, mti unagusa chuma mahali ambapo haukukusudiwa kugusa. Mtutu hutetemeka kila risasi inapopita. Ukiegemezwa upande mmoja, na mti nao ukivimba kwa unyevunyevu, leo utapiga kushoto na wiki ijayo kulia.

Baada ya hapo ni kusafisha. Risasi huacha shaba ndani ya mtutu, na mwindaji anayepiga mswaki juu juu haifikii. Kisha mdomo wa mtutu, pale risasi inapouaga mwisho: kovu dogo upande mmoja linatosha, maana moshi wa baruti unatokea hapo kwanza na kuisukuma risasi kombo.

Kilichonipendeza zaidi ni habari ya risasi yenyewe. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende ikiwa imetulia. Risasi ndefu inataka kuzungushwa kwa kasi zaidi. Ukiipitisha kwenye mtutu wenye mifereji ya kujipinda polepole, inatoka ikiyumba, na ikizidi inafika ubavu ubavu. Karatasi ya shabaha inakwambia: badala ya tundu la duara unaona la mrefu, kama la kitasa. Hapo bunduki ni nzima na risasi ni nzima, ila hazikuoana.

Mtutu mpya niliuweka mwisho. Ndiyo ndoano ya chini.

Mteja akairudisha. Alitaka mtutu mpya na darubini mpya zipande juu, kwa sababu ndizo zilizokuwa na viungo vya duka na kila anayenunua humwachia kamisheni. Skrubu haina kamisheni. Nilikuwa nadai dola 60, na mwenye nyumba alikuwa ameshapita mara mbili akiniuliza afya yangu. Niliwaza kuhusu mtu huyo wa mbali akitumia pesa za mwezi mzima kwa tatizo la bisibisi. Niliwaza zaidi kuhusu swala, au chochote wanachowinda kule, amepigwa tumboni badala ya moyoni, akitembea siku nzima na risasi ndani.

Nikamwandikia kwamba mpangilio ndio makala yenyewe. Akiupindua, aondoe na yaliyobaki, nitaandika nyingine bure. Alikaa siku mbili. Akakubali, akalipa, na aya moja tu akaifuta, ile ya mpiga bunduki, akisema wasomaji wake hawapendi kuambiwa hivyo. Naiweka hapa, maana ni yangu:

Kabla hujamlaumu fundi, mpe bunduki rafiki anayejua kupiga, apige risasi tano kwa yadi 100, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga na mtutu ukiachwa upoe kati ya risasi na risasi. Zikikusanyika vizuri mikononi mwake, mrudishie karatasi yake na umwombe akujazie bunduki wewe, achanganye humo risasi moja ya bandia bila kukuonyesha. Piga kama kawaida. Ukifika kwenye ile ya bandia, hakutakuwa na mlipuko wala teke la kuficha mkono wako. Mtazame mdomo wa mtutu. Ukiona umeruka au umeinama, rudisha bisibisi kwenye sanduku.