Keki ya Ijumaa

Kabla hujaniuliza oveni iko wapi, wacha nikwambie: hakuna. Kwa mama, huku Itumbe, keki huokwa kwa sufuria. Unawasha jiko la makaa, unangoja moto ukolee na moshi uishe, kisha unayagawa makaa: machache yanabaki chini, mengi yanapanda juu ya mfuniko. Hapo ndipo watu hukosea. Wanafikiri keki ni kama ugali, moto wote chini. Keki hutaka joto la juu, la chini ni la kusaidia tu. Na lazima mtu akae hapo karibu, maana makaa ya chini yakipata upepo mlangoni yanawaka upya bila kukuambia.

Hayo yote niliyajua kwa kuona. Sikuwahi kuyafanya hadi Januari hii.

Mama alikuwa anaoka kila Ijumaa. Sisi ni Wasabato, kama nusu ya kijiji, na Sabato yetu huanza jua likitua Ijumaa. Kufikia saa hiyo chakula kiwe kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimeng'aa, na keki ya wageni wa Jumamosi imefunikwa kwa kitambaa mezani. Ukichelewa, umechelewa. Kwa hiyo utoto wangu wote, Ijumaa ilikuwa na harufu ya ganda la limau.

Mti wenyewe uko nyuma ya jikoni. Ni limau la kienyeji, lile la ngozi iliyokunjamana kama goti la mzee, mbegu tele. Nairobi nikisema limau, watu wananiuliza kama nataka kusema ndimu, na sokoni wanayachanganya yote mawili, basi nimeacha kubishana. Hapa kijijini limau ni dawa. Ukiwa na mafua unakamuliwa kwenye maji moto na tangawizi, unafunikwa blanketi. Kwetu tu ndiko lilikuwa keki. Na kwa kuwa mama hanywi chai (amechuma majani yake miaka thelathini, akayabeba mgongoni mpaka kituoni, lakini kuyanywa, hapana, kanisa limekataza), wageni wa Jumamosi walipewa keki na kikombe cha maziwa moto yenye mchaichai. Hakuna aliyelalamika.

Novemba ya mwaka juzi mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na ulimi nao ukawa mzito. Nakumbuka nikiwaambia watu wa kazini, "Baba ni mgonjwa," wakaanza kunipa pole za mzee wangu, ambaye alishafariki nikiwa kidato cha pili. Kwa Ekegusii mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Halafu mama akikupenda anakuita wewe mwenyewe tata, hata kama una miaka mitano na kamasi. Jaribu kuwaeleza hayo watu wa Nairobi ukiwa na haraka ya kuwahi gari la Kisii.

Nilikaa siku nne hospitalini, nikarudi kazini. Dada yangu mkubwa hakurudi kwake. Ameolewa upande wa Nyamache, ana watoto watatu, na hapa Itumbe sokoni alikuwa na kibanda chake cha ushonaji: cherehani moja, benchi, na sare za shule zinazoning'inia mlangoni. Alifunga kibanda, akaifunika cherehani kwa lesso, akahamia kwa mama. Mimi nikawa natuma M-Pesa. Elfu nane kila mwisho wa mwezi, bila kukosa, na ujumbe: "Msalimie mama." Nilijiona kijana mzuri sana, wacha niseme ukweli. Nilikuja nyumbani mara tatu kwa miezi kumi na minne. Kila mara nilikuja na mkate, matunda, maziwa ya pakiti, mafuta ya kujipaka. Kila mara niliondoka Jumapili asubuhi.

Kuna kitu hapa kwetu kinaitwa chinsoni. Ni aibu, lakini pia ni heshima; ni ule mpaka kati ya mzazi na mtoto. Kijana akishatahiriwa, na sisi hutahiriwa wadogo, likizo ya Desemba, chumba cha kulala cha mama yake hakiingii tena. Hamwoni akivaa. Mzaha fulani unaisha siku hiyo. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile sikuwahi kuona ndani ya chumba cha mama zaidi ya pazia la mlangoni, la maua ya bluu, ambalo limebadilishwa mara mbili tangu hapo.

Napenda hii mila. Imetulea vizuri. Lakini miezi hiyo kumi na minne nilianza kuona jinsi ilivyonifaa. Kumwogesha mama, siwezi, chinsoni. Kumbadilisha, siwezi. Kumwinua usiku kumpeleka haja, siwezi. Kila kazi nzito ya ugonjwa ule ilikuwa upande wa pili wa lile pazia, na upande huo kulikuwa na dada peke yake.

Mwaka ulipoanza alinipigia simu. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Shule zinafunguliwa. Januari iliyopita nilikosa oda zote. Mwaka huu nimechukua za shule mbili. Njoo wiki mbili, ukae na mama mchana." Nikaomba likizo.

Nilifika Jumatano. Jioni mama alikuwa amekaa kwenye benchi lake la jikoni, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamuuliza anataka nimpikie nini, nikidhani atasema uji. Alikaa kimya muda, akilitafuta neno, kisha akasema, "Keki." Nikaruka. "Ijumaa nitakuokea, baba! Ile ya limau!" Nilifurahi kama mtu aliyepewa tuzo. Nikamgeukia dada nicheke naye.

Alikuwa anakamua matambara. Bila kuinua kichwa alisema, "Wewe huwa unakuja na vitu vya kuliwa. Mimi huwa nabaki na beseni."

Basi. Hakuongeza, na mimi sikuwa na la kujibu. Usiku ule sikulala vizuri.

Ijumaa alimwogesha mama mapema, akamvalisha, akanionyesha dawa za presha, akasema kukiwa na mambo ya ndani nimwite mke wa baba mdogo, boma la chini hapo. Akapanda pikipiki kwenda sokoni.

Saa tisa nikaanza. Mama alikuwa mlangoni, mimi ndani, na kila kitu mezani: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, robo kilo ya Blue Band, mayai manne, bekingi pauda vijiko viwili vidogo, malimau mawili. Vipimo hivyo nilivipata kwake kwa kazi. Nilikuwa nainua kikombe namwonyesha, anatikisa kichwa, napunguza, anatikisa, naongeza. Kumbe kikombe chake ni kile cha bati chenye kona iliyobonyea, na anakijaza mpaka kwenye ule mbonyeo, si mpaka juu. Kitabu gani kingeniambia hivyo?

Unakwaruza ganda kwanza, kabla ya kukamua, na unachukua ile njano tu. Nyeupe ya chini yake ni chungu. Sikuwa na kikwaruzo, nikatumia wembe mpya na uvumilivu. Halafu siagi na sukari kwa mwiko, unasugua mpaka ipauke na mkono ukuume. Hapo nilimsikia mama akiguna, na nikaelewa: hii ndiyo kazi mkono wake wa kulia ulikuwa unaifanya kila Ijumaa, na leo umelala pajani unaangalia. Mayai moja moja. Nilipotia maji ya limau rojo likakatika, likawa kama mala iliyoharibika. Nikaogopa. Mama akasema taratibu, "Unga. Kijiko." Nikatia kijiko cha unga, likarudiana.

Limau la pili nililiweka kando la sharubati. Hii haikuwa desturi ya mama, ni yangu. Hospitali ilikuwa imetuonya kuhusu vitu vikavu, maana hammezi vizuri, makombo yanaweza kumkaba. Basi nilipanga keki ikitoka niidunge mashimo na kuimwagia limau lililochemshwa na sukari na maji kidogo, ilowe, iwe laini ya kuyeyuka mdomoni.

Saa kumi na robo sufuria ikaingia motoni. Nikapanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, moja moja, nikijisifu. Dakika arobaini, hamsini. Jua lingetua saa moja kasorobo hivi. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Dakika kama ishirini baadaye mama akasema, "Tata."

Nilimtazama nikajua. Alikuwa ameangalia chini, na mkono ule mzima umeshika lesso kwa nguvu.

Nilikimbia mpaka boma la chini. Mlango umefungwa kwa komeo. Mtoto mmoja akaniambia wamepeleka chai kituoni. Nikampigia dada, simu ikalia bila kupokelewa. Na cherehani inavyopiga kelele, angesikiaje? Niliporudi mama hakuwa amesogea. Lesso ilikuwa imeanza kulowa.

Tulitazamana. Sijui nani aliaibika zaidi. Mimi nilikuwa nikifikiria nitasema nini, niombe ruhusa vipi, na kwa lugha gani. Yeye ndiye aliyemaliza jambo.

"Funga macho, tata."

Nikafunga. Nikainama, akanizungushia mkono wa kushoto shingoni, nikambeba. Alikuwa mwepesi, mwepesi wa kunitisha. Na sasa nani aongoze? Akanishika sikio. Namaanisha alinishika sikio kabisa, kama fahali anayepelekwa zizini, akawa analivuta: kushoto, kushoto, simama. Nilisikia pazia likinipita usoni. Nikasikia harufu ya mafuta ya kujipaka na nguo zilizokunjwa muda mrefu. Chini ya goti langu nikagusa kile kiti cha plastiki ambacho dada alikitoboa katikati na kuweka ndoo chini yake. Nikamkalisha. Nikageukia ukuta.

Baadaye akanipa ncha ya lesso iliyolowa, nikaivuta huku nimefumba. Nikapewa amri ya kutafuta nyingine kwenye sanduku, kwa kupapasa. Nikatoa kitambaa cha meza. Ndipo mama akacheka. Ule ulikuwa mcheko wa upande mmoja wa mdomo, unaokwaruza, lakini ni wake, na sikuwa nimeusikia tangu Novemba ile. Nikacheka na mimi nikiwa nimeuelekea ukuta, macho yamefumbwa, kitambaa cha meza mkononi.

Tuliporudi benchini harufu ilikuwa imebadilika.

Upepo ulikuwa umeingia mlangoni na makaa ya chini yamewaka kama ya nyama choma. Nikaitoa sufuria, nikadunga njiti ya ufagio: juu safi, katikati imeiva, imefura vizuri, njano. Chini ilikuwa nyeusi, unene wa kidole. Nilitaka kulia, na si kwa sababu ya keki. Mama akasema, "Kata." Nikaigeuza, nikakata ule weusi wote kwa kisu, nikauweka kando wa kuku. Nikaidunga mashimo, nikaimwagia sharubati ya moto, nikaifunika. Kisha nikafua lesso, nikaianika kambani.

Dada alifika jua likiwa limegusa mikaratusi. Alisimama uani, pikipiki ikaondoka, na yeye akabaki anaitazama kamba. Lesso ilikuwa inadondosha maji, nilikuwa sijaikamua vizuri.

"Nani amefua?"

"Mimi."

"Mama wa chini?"

"Alikuwa amepeleka chai."

Akamwangalia mama, mama akaangalia sufuria. "Moto," mama akasema, neno kwa neno, kama anayenitetea kortini. "Ulikuwa mwingi. Chini."

Dada aliingia jikoni. Hakuigusa keki. Alichukua vile vipande vyeusi vya kuku, akavikwangua kwa kisu mpaka pakaonekana kahawia, akavichovya kwenye sharubati iliyobaki kikombeni, akala amesimama, akiangalia nje.

"Jumapili nitaenda tena kibandani," alisema.

"Sawa."

"Na Jumatatu. Nina sketi arobaini."

"Sawa."

Akalamba kidole. "Limau umeweka kidogo," akasema, kisha akaenda kambani, akaitoa lesso, akaikamua upya.